Mahali Mnapolala

Ile fulana ya kijani haikukaa mwilini mwa Brenna Kessinger hata ikapata joto lake. Alikabidhiwa mlangoni, kama wanafunzi wote wapya wa Chuo cha Brannock waliokuwa wakazi wa Virginia Magharibi, nayo ilikuwa imeandikwa kifuani kwa herufi nyeupe: NYUMBANI, BILA ADA. Aliivaa papo hapo juu ya blauzi yake, akamgeukia mama yake, Wanda, akanyanyua mikono na kuzunguka kama mtoto aliyeshonewa gauni la sikukuu. Wanda akacheka, akampiga picha kwa simu yake yenye kioo kilichopasuka. Kisha wakaingia kwenye foleni ya vitambulisho.

Walikuwa wamekaribia mezani, kijana mmoja mwenye kompyuta mkononi akapita akitazama majina.

"Brenna Kessinger?"

"Mimi hapa."

"Hebu njoo pembeni kidogo."

Hiyo pembeni yenyewe ilikuwa hatua mbili tu. Foleni nzima ilisikia.

"Hapa inaonyesha unatoka Ohio," kijana akasema.

"Sitoki Ohio. Pale ni kwa shangazi yangu. Nyumba yetu ilichukuliwa na mafuriko."

"Oh, pole sana. Lakini wa Ohio wanapewa fulana za buluu."

"Basi sawa, nipe ya buluu," Brenna akasema, bado anatabasamu.

Kijana akajikuna shingo. "Hujanielewa. Ya kijani ni ya wasiolipa. Nenda ofisini wakuangalizie. Ila hiyo... naomba uivue. Zimekuja kwa idadi."

Wanda alisogea. "Mwache nayo, kaka. Nitailipia."

"Haziuzwi, mama."

Brenna akaanza kuivua. Ilikuwa mpya na ya kubana, ikang'ang'ania, ikapanda na blauzi yote mpaka tumbo likaonekana, na msichana mmoja nyuma yake akacheka kwa pua. Ilipotoka, nywele zilikuwa zimemsimama kichwani. Aliikunja vizuri, mikono ndani, kama zinavyokunjwa dukani, akampa yule kijana. Akasema ahsante. Hiyo ahsante ndiyo iliyomkaa Wanda kooni njia nzima ya kurudi, wakivuka daraja la Mto Ohio, mtoto ameegemeza kichwa kwenye kioo cha dirisha.

Jikoni kwa Opal, dada yake Dorsey, mume wa Wanda, kulikuwa na maharage na mkate wa mahindi mezani. Dorsey alikuwa ametoka karakana ya matairi, mikono imeshaoshwa lakini kucha bado nyeusi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kugusa chakula.

"Ohio," akasema. "Babu yangu amezikwa Bonde la Laurel. Baba yangu amezikwa Bonde la Laurel. Mimi sijawahi kulala Ohio mpaka mwezi wa pili mwaka huu, na hata hivyo nalala kwenye kochi."

"Na unakoroma humo humo," Opal akasema. "Ningejua anwani yangu ni ugonjwa, nisingewaambukiza. Ningewaacha mlale kwenye gari."

"Shangazi, si kosa lako," Brenna akasema.

"Najua si kosa langu! Nasema ili mtu acheke."

Hakuna aliyecheka. Walikuwa wamekuja kwa Opal na mifuko ya takataka iliyojaa nguo zenye matope, baada ya kijito kupanda usiku mmoja na kuibeba nyumba nzima. Kilichobaki kule ni ngazi za baraza, zinapanda na kuishia hewani. Wakawaambia watu wa posta walete barua kwa Opal kwa muda, kwa sababu sanduku lao la barua nalo lilikuwa limekwenda na maji. Barua ya chuo ya kumkubali Brenna ilikuja kwa anwani hiyo. Siku hiyo Opal aliibusu bahasha. Hakuna aliyewaza kwamba chuo kinasoma nje ya bahasha kuliko ndani.

"Kesho naomba ruhusa kazini," Dorsey akasema. "Tunakwenda wote wawili. Ni makosa tu ya karatasi. Tutaongea nao kama watu."

Bi. Corinne Whitcomb, mkuu wa udahili, aliwapokea kwa mikono miwili. Mezani kwake kulikuwa na bakuli la peremende, akawakaribisha. Dorsey akachukua moja kwa adabu, akabaki nayo kiganjani.

"Kwanza niwape pole," Bi. Whitcomb alisema. "Nimeona picha za bonde lenu kwenye televisheni. Nililia."

"Ahsante, bi," Wanda akasema.

"Sasa, mpango wetu huu wa bila ada ni kwa wakazi wa jimbo. Wakazi kamili. Wafadhili walikuwa wazi sana kuhusu hilo. Mkazi ni mtu aliyeishi humu mwaka mzima mfululizo kabla ya masomo kuanza. Nyinyi mmehama mwezi wa pili."

"Hatukuhama," Dorsey akasema. "Tulihamishwa."

"Naelewa."

"Kiwanja ni changu. Kodi ya ardhi nimelipa. Leseni yangu ya humu, gari limesajiliwa humu. Mtoto amemaliza sekondari humu humu. Mama yake alikuwa anamvusha daraja kila siku ya Mungu asikose shule yake. Sasa huyo ni mtu wa Ohio?"

"Bwana Kessinger, kwenye hicho kiwanja kuna nyumba?"

"Kuna ngazi."

"Kuna umeme? Maji?"

"Maji yalikuwepo mengi tu," Dorsey akasema, na Wanda akamgusa goti.

Bi. Whitcomb hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliinamisha kichwa upande kama muuguzi anayemsikiliza mgonjwa. "Sheria haiangalii mahali mnapomiliki. Inaangalia mahali mnapolala. Na nyinyi mnalala Ohio."

"Na tukilala kwetu?" Wanda akauliza.

"Mkirudi kuishi kwenu, hilo ni jambo tofauti. Tungeweza kulitazama. Vinginevyo, Brenna bado anakaribishwa sana, kwa ada ya wanafunzi wa nje." Akaandika tarakimu kwenye kikaratasi cha njano, akakisukuma mbele kwa kidole kimoja, kama mtu anayeona aibu kuitamka. Ilizidi kila alichopata Dorsey kwa mwaka mzima wa kufungua na kufunga matairi.

Nje, kwenye maegesho, Dorsey alifungua kiganja akaikuta peremende imeyeyuka na kushikana na ngozi. Akaipangusa kwenye suruali. "Mahali tunapolala," akasema. "Haya. Tutalala."

Mwenye karakana alimwazima karavani kuukuu iliyokuwa imejaa matairi mabovu. Wakaiosha kwa dawa ya kuulia kuvu, wakaivuta mpaka Bonde la Laurel, wakaiegesha kando ya zile ngazi. Wanda alitundika pazia. Brenna alipanga vitabu vyake chini ya benchi alilolalia. Kulikuwa na harufu ya mpira na matope, na mbu wa kijitoni waliingia wapendavyo, lakini siku zile za mwanzo Wanda aliamka na kitu kama furaha: wamerudi kwao, na sasa hakuna wa kuwaambia wanalala wapi.

Jirani yao Arvella Bledsoe alikuwa amerudi pia, na mjukuu wake Jodie, wanakaa kwenye kibanda kilichobaki cha zana. Jodie na Brenna walianza darasa la kwanza pamoja. Naye Jodie alikuwa amekubaliwa Brannock, naye alipelekewa barua hotelini, ng'ambo ya mto upande wa Ohio, kule serikali ilikokuwa imewaweka watu wa mafuriko.

"Mimi nilimwambia yule mama mwenye peremende," Arvella alisimulia, ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, "nikamwambia, binti yangu, hoteli ile nililazwa, sikulala. Kuna tofauti. Akaniambia pole, akanipa peremende. Nikazoa bakuli zima nikamimina mkobani. Nikasema angalau na hizi ni bila ada."

Jodie akaficha uso kwa aibu. "Bibi, ulinifedhehesha."

"Wao ndio waliokufedhehesha. Mimi nilibeba peremende tu."

Haikupita muda, gari la kaunti likaja. Akashuka bwana mmoja mwenye buti safi, akazunguka karavani, akatazama kijito, akatikisa kichwa. Aliwajua, alikuwa amesoma na Dorsey.

"Dorsey, ndugu yangu, hamruhusiwi kuishi hapa. Eneo limepigwa marufuku. Hata karavani hairuhusiwi."

"Chuo kinasema lazima nilale hapa mtoto wangu asome."

"Chuo si kaunti."

"Kwa hiyo nisipolala hapa mimi ni wa Ohio, na nikilala hapa mimi ni mhalifu."

Yule bwana akatazama buti zake. "Sikuitunga mimi," akasema, akabandika karatasi nyekundu mlangoni mwa karavani, juu kabisa, akiikandamiza pembe zote nne ili isianguke. Kisha akavuka kwa Arvella akabandika nyingine.

Wanda alikuwa akifanya kazi ya kusafisha nyumba za watu ziwani, zile nyumba kubwa za mbao ambazo wenyewe huja kiangazi. Kubwa kuliko zote ilikuwa ya daktari wa meno Pruitt wa Columbus, huko Ohio. Mkewe, Sloane, hakuwa mtu mbaya. Baada ya mafuriko alimpa Wanda mablanketi, na si yale ya kutupa.

Siku hiyo Sloane alimkuta Wanda kwenye chumba cha kufulia, akamwekea kikapu cha nguo. "Hizi ni za mwanangu Tanner, mpenzi. Anaanza chuo. Zipigie pasi kidogo, anataka kupiga picha bustanini."

Juu kabisa ilikuwa fulana ya kijani.

Wanda aliitandaza mezani. Herufi nyeupe zilimtazama. Akaigeuza upande wa ndani ili pasi isiziunguze, akaipitisha mara moja, halafu pasi ikasimama.

"Anasoma Brannock?" akauliza.

"Ndiyo! Na huwezi kuamini, bila ada!" Sloane alikuwa anapanga taulo, anaongea kwa furaha ya mtu aliyepata kitu kwa nusu bei. "Mume wangu ndiye aliyegundua. Kwa kuwa nyumba hii iko jimbo hili, tulibadilisha tu leseni ya Tanner na anwani ya barua zake mwaka jana. Mwanasheria wetu akasema ni halali kabisa."

"Lakini mnalala Columbus."

Sloane akacheka. "Ukiliweka hivyo! Lakini kwa karatasi—" Moshi mwembamba ulikuwa unapanda kutoka kwenye ubao wa pasi. "Wanda, pasi!"

Wanda akainyanyua. Fulana ilikuwa imebaki na alama ya kahawia, ndogo, begani. Hakuomba radhi. "Mwanangu alivuliwa hii," akasema. "Mbele ya watu. Alikuwa ameshaivaa."

Akaeleza yote akiwa amesimama pale pale, sauti haipandi, na kadiri haikupanda ndivyo Sloane alivyozidi kurudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mashine ya kufulia. Alipomaliza, macho ya yule mama yalikuwa yamelowa.

"Hii si haki," Sloane akasema. "Kabisa si haki. Ngoja. Kuna mtu kwenye bodi ya chuo, tunacheza naye tenisi. Nitampigia leo hii." Akamshika Wanda mkono. "Na, Wanda... haya ya Tanner, yabaki humu ndani. Unanielewa? Watu hawaelewi mambo haya."

Wanda alitazama ule mkono juu ya mkono wake. Alitaka kuukung'uta kama mdudu. Lakini akilini alimwona Brenna akikunja ile fulana, mikono ndani, akisema ahsante. Hakuitikia, wala hakukataa. Akachukua pasi akaendelea na mashati.

Simu ya Bi. Whitcomb ilikuja kabla wiki haijaisha. Wakati huo walikuwa wamerudi kwa Opal kwa sababu ya karatasi nyekundu. Wanda aliweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Tumelitazama upya jambo la Brenna, kwa moyo wa huruma. Nafurahi kuwaambia amehesabiwa mkazi. Bila ada."

Opal akapiga kelele, Brenna akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Dorsey akaketi chini, pale pale sakafuni.

"Na Jodie Bledsoe?" Wanda akauliza.

"Sina ruhusa ya kuzungumzia mwanafunzi mwingine."

"Ni mafuriko yale yale, bi. Kijito kile kile."

"Kila kesi ni ya peke yake. Na tungeomba, Bi. Kessinger, hili libaki kati yetu. Tusije tukawapa wengine matumaini yasiyo na msingi."

Simu ilipokatika, Wanda alibaki ameishika. "Mmesikia? Sheria iliyokuwa ya chuma tulipokwenda wenyewe! Mcheza tenisi mmoja amepiga simu, imekuwa uji!"

"Mama, tafadhali," Brenna akasema.

"Nitarudi pale. Nitasema mbele ya watu wote."

"Utasema nini? Ili wanifute?" Brenna alisimama. "Nampenda Jodie, unajua ninavyompenda. Lakini mimi nikikosa, yeye atapata? Tutakosa wote wawili, na nyinyi mtakuwa na hasira yenu nzuri, na mimi nitakuwa nafunga matairi na baba! Mimi sijali nimeingia mlango gani. Nataka kuingia."

"Mtoto ana hoja," Dorsey akasema polepole.

"Wewe pia?"

"Mimi nimelala kwenye harufu ya matairi kwa ajili ya nafasi hiyo, Wanda. Usiniambie wewe pia."

Wanda akatoka nje, akaketi kwenye kizingiti cha nyuma cha Opal. Hasira ilikuwa imemjaa na hakujua ampe nani. Akiwapigia kelele chuoni, atakayelipa ni mwanawe. Akinyamaza, kila akimwona Arvella itabidi atazame pembeni. Wamemfunga vizuri, akawaza, na kamba waliyomfungia ni mtoto wake mwenyewe.

Jodie alikuja siku ya pili. Dorsey alikuwa amempa Arvella habari karakana, hakuweza kuzificha. Msichana alivuka daraja kwa miguu, ana mfuko wa duka kifuani, amevaa tabasamu alilokuwa amelifanyia mazoezi njiani.

"Hongera, wewe! Nimesikia!" Akamkumbatia Brenna kwa nguvu. "Sikai. Nimekuletea haya." Akatoa mashuka kwenye mfuko, mapya, bado kwenye plastiki yake, yenye maua madogo ya manjano. "Ni ya kitanda cha bwenini, vile vitanda vyembamba vyembamba. Bibi alininunulia mwezi wa nne. Kule kwetu hayaingii kitanda chochote. Bora uyatumie wewe."

Brenna akayapokea.

"Mimi nimepata kazi," Jodie akaendelea haraka haraka, "kwenye maghala ya ng'ambo. Usiku. Si mbaya. Mwakani nitajaribu tena, au... tutaona. Haya, nikimbie kabla jua halijawa kali."

Alipoondoka, Brenna alibaki amesimama katikati ya jiko na yale mashuka. Aliyatazama maua. Aliyaweka mezani. Akayachukua tena. Halafu akalia, si kilio cha msichana, kilio kizito cha mtu mzima kinachotoka tumboni, na Wanda alipomsogelea akamsukuma.

"Usinibembeleze. Washa gari, Mama."

"Tunakwenda wapi?"

"Unajua tunakokwenda. Tukampitie Jodie njiani kabla hajafika darajani. Na bibi yake. Na Baba. Na wengine wote wa bonde waliovuliwa. Washa gari kabla sijabadili mawazo, maana nitabadili, najijua."

Ilikuwa siku ya malipo. Ukumbi wa chini wa Brannock ulikuwa umejaa wazazi na kadi zao za benki. Waliingia watu wa Bonde la Laurel kwa magari manne, wengine na nguo za kazi, Arvella mbele na mkoba wake. Bi. Whitcomb alipowaona alikuja haraka.

"Bi. Kessinger, twendeni ofisini tuongee."

"Tutaongelea hapa," Wanda akasema.

Lakini Brenna ndiye aliyeanza. Alikuwa mweupe kama karatasi. "Nimekuja kurudisha nafasi yangu," akasema, na sauti yake ikapasuka katikati, akaianza upya kwa nguvu zaidi. "Nafasi yangu ya bila ada. Mliniambia mimi si mkazi kwa sababu maji yalibeba nyumba yetu. Mkanivua fulana. Halafu tajiri mmoja akawapigia simu, nikawa mkazi. Huyu hapa ni Jodie Bledsoe. Tumekaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Yeye hana wa kumpigia simu. Kama yeye ni wa Ohio, na mimi ni wa Ohio. Chukueni."

Mama mmoja kwenye foleni alikuwa ameshainua simu yake, anarekodi.

"Hizi ni kesi za faragha," Bi. Whitcomb akasema chini chini.

"Faragha?" Wanda alihisi kifua kinafunguka, na yote aliyoyameza tangu siku ya fulana yakapanda pamoja. "Mwanangu mlimvua nguo kwenye foleni, hiyo ilikuwa faragha? Mlituambia mnaangalia tunapolala. Tukaenda kulala kwenye karavani ya matairi, tukafukuzwa na kaunti. Na kuna mtoto humu, wazazi wake wanalala Columbus mwaka mzima, ila wana nyumba ya ziwani wanayokuja kuogelea. Najua, kwa sababu ndimi ninayetandika vitanda vyao. Yeye mmemwita mkazi. Jina lake sitalitaja, mtoto hajanikosea. Lakini niambie mbele ya watu hawa, bi: mtu mwenye nyumba mbili ni wa hapa, na mtu ambaye nyumba yake imebebwa ni wa wapi?"

"Jibu, bi," mzee mmoja kwenye foleni akasema, kadi yake mkononi. "Na mimi nataka kusikia."

Mkuu wa chuo akatoka ofisini, tai ya kijani, viganja vimeinuliwa. Akasema chuo kinawasikia. Akasema itaundwa kamati.

"Kamati!" Arvella akasema. "Baba, mimi nina miaka sabini na tisa. Hiyo kamati ikimaliza kunywa chai mimi nitakuwa nimeshazikwa, na utaambiwa kaburi langu liko Ohio."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko, na kicheko hicho ndicho kilichomvunja yule bwana. Angeweza kuzivumilia kelele. Alitazama simu zilizoinuliwa, zilikuwa nyingi sasa, akamgeukia Bi. Whitcomb akamnong'oneza kitu kwa meno yaliyobana.

Siku chache baadaye chuo kilitangaza kwamba, kwa kuguswa na mateso ya ndugu zake wa bondeni, waliohamishwa na mafuriko watahesabiwa wakazi. Tangazo halikusema nani aliyewagusa. Brenna alibaki. Jodie akaingia, na wengine watatu. Tanner Pruitt naye alibaki, hakuna aliyemuuliza anapolala. Na Wanda akapata ujumbe mfupi kwenye simu: familia ya Pruitt inamshukuru kwa miaka yote, haitahitaji tena huduma yake. Nyumba mbili nyingine za ziwani zikafuata. Alimsomea Dorsey jikoni, kisha akafuta, akaanza kumenya viazi. Alikuwa amemenya vingi kuliko watakavyoweza kula, na Opal akamnyang'anya kisu polepole.

Siku ya kuhamia bwenini kulikuwa na jua kali. Dorsey alikuwa ameshika upande mmoja wa friji ndogo, Wanda upande wa pili. Brenna na Jodie walitangulia na maboksi, wanabishana nani atalala dirishani. Arvella alibeba mashuka ya manjano peke yake, hakutaka msaada.

Mlangoni alisimama Bi. Whitcomb na mpiga picha. Alikuwa ameshika kibao kikubwa: KARIBUNI NYUMBANI, BONDE LA LAUREL.

"Mmefika!" akasema, amefungua mikono, kama kwamba alikuwa anawasubiri tangu mwezi wa pili. "Tunataka picha moja, ya familia zote. Ni kwa ajili ya wafadhili. Wataguswa sana."

Brenna na Jodie wakasimama na maboksi yao, wakamtazama Wanda. Dorsey naye akamtazama.

Mpiga picha akapiga magoti, akainua kamera. "Wekeni friji chini kidogo. Hivyo. Mama, wewe wa katikati, tabasamu kidogo tu."

"Hapana," Wanda akasema.

"Dakika moja tu, mama."

"Nimesema hapana. Bado nimekasirika."

Bi. Whitcomb akateremsha kibao kidogo. "Lakini Bi. Kessinger, kila kitu kimekwisha vizuri. Watoto wako ndani."

"Wako ndani, ndiyo. Na mimi bado nimekasirika. Nikimaliza nitakuja mwenyewe kukwambia." Akaikamata friji vizuri chini, akamwambia Dorsey, "Inua upande wako," na Dorsey akainua. Wale wasichana wakasukuma mlango kwa viuno, Arvella akapita na mashuka kichwa juu, na wote wakaingia, wakamwacha Bi. Whitcomb juani na kibao chake.